Maji ya maporomoko yanatoka wapi? Mambo ambayo kundi la marafiki linapaswa kujua kabla ya kushuka Lufira

Siku ya Jumapili asubuhi, pembeni ya barabara ya Buluo, nje ya mji wa Likasi, picha ni ileile kila mara wakati wa mapumziko. Vijana wanangojana. Mmoja amebeba bidoni ya maji, mwingine bukari iliyofungwa kwenye majani pamoja na samaki wa kukausha, mwingine ana simu yenye betri nusu kwa ajili ya kupiga picha. Wanaenda kuona maporomoko. Mtu anatazama juu, anaona mbingu nyeupe bila wingu, kisha anasema neno linalofunga mazungumzo yote: "Mvula haiko, twende tu."

Neno hilo ni la kweli kwa Buluo, lakini halisemi kitu juu ya maporomoko. Maji yanayoanguka mbele ya macho ya mtu saa sita mchana hayakunyesha pale, na mara nyingi hayakunyesha siku hiyo. Yalianguka mbali, kwenye mlima au bondeni ambako mtembezi hakupita. Mwenye kuelewa jambo hilo moja ameelewa karibu yote yanayohitajika ili kundi liende likiwa watu sita na lirudi likiwa watu sita.

Mto unaopita mlangoni

Watu wengi wa mbali wanalijua jina la Buluo, au Buluwo, kwa sababu ya gereza tu. Lakini kwa mwenye kutembea, sehemu hii ya Haut-Katanga ni nchi ya maji. Likasi imejengwa kwenye vilima, na mito yake midogo inashuka kuelekea mto mkubwa, Lufira. Ule unaojulikana zaidi ni Panda, uliopa jina komine moja kati ya komine nne za mji, pamoja na Likasi, Kikula na Shituru.

Lufira yenyewe inaanzia kusini, karibu na mpaka wa Zambia, inaelekea kaskazini na kupita Kapolowe, ambako wavuvi wanatoa samaki wanaouzwa katika masoko ya Likasi na Lubumbashi. Hapo mto unapanuka na kuwa ziwa, ziwa Tshangalele. Wageni wengi wanafikiri ziwa hilo liliumbwa hivyo. Hapana. Ni maji yaliyozuiwa na ukuta, yaani baraje, huko Mwadingusha, zaidi ya kilomita 60 kutoka Likasi. Mahali hapo mto ulikuwa unaanguka kwa zaidi ya mita 100 ndani ya bonde lenye kuta za mawe. Wazungu waliyaita maporomoko hayo Cornet, kwa jina la Jules Cornet, mtaalamu wa mawe kutoka Ubelgiji aliyepita Katanga na msafara wa Bia na Francqui kati ya 1891 na 1893.

Kampuni ya Union Minière ilikuwa na njaa ya umeme kwa ajili ya viwanda vyake vya shaba. Mwaka 1930 nyumba ya mashine ya Mwadingusha ilianza kazi, nayo ikapewa jina la Francqui. Kilomita chache chini yake, mwaka 1950, ikafuata Koni, iliyopewa jina la Bia. Baada ya uhuru majina ya wenyeji yalirudi. Leo vituo hivyo viko mikononi mwa SNEL, na mashine sita za Mwadingusha zilifanywa upya, kazi ikamalizika mwaka 2021 kwa msaada wa kampuni inayochimba shaba ya Kamoa-Kakula.

Baada ya Koni, Lufira inaendelea kaskazini, milima ya Kundelungu ikiwa upande wa mashariki. Inaanguka tena Kiubo, kisha inaingia Lualaba katika bonde la Upemba. Kutoka hapo maji yanapita Kongolo, Kindu na Kisangani. Kwa hiyo mkaaji wa Maniema anayechota maji mtoni anaweza kuwa anachota, kwa sehemu ndogo sana, mvula iliyonyesha Likasi.

Maporomoko ya namna mbili

Siku ya matembezi, jambo la kwanza ni kujua kundi linaenda kuona maporomoko ya namna gani. Ziko namna mbili, na kila moja ina saa yake.

Namna ya kwanza ni ya kijito cha mlima. Kijito hicho hakina ziwa wala ukuta nyuma yake. Mvula ikinyesha kwenye kilima, maji hayakawii. Yanateremka kwenye mawe na udongo mgumu, yanakusanyika kwenye mfereji mmoja, na mtoni chini yanaweza kupanda ndani ya muda mfupi kuliko muda wa kula bukari. Ndiyo sababu watu wanashangazwa: chini kuna jua, watoto wanaoga, na juu, nyuma ya mlima, kumeshanyesha saa moja. Maji hayo yanashuka upesi kama yalivyopanda, lakini aliyekuwa katikati ya mto hana nafasi ya kungoja.

Hatari hiyo inakuwa kubwa zaidi mwezi wa Oktoba na Novemba, mvula za kwanza zinapoanza. Wakati wa kipwa nyasi za milimani zimeungua kwa moto. Udongo umebaki uchi, na juu yake umekuwa mgumu. Mvula ya kwanza haipati majani ya kuishika wala mizizi mingi ya kuinywa, kwa hiyo sehemu kubwa inakimbilia mtoni moja kwa moja.

Mfano mkubwa wa namna hiyo katika jimbo ni Lofoi, kwenye hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970 na inayosimamiwa na ICCN. Mto mdogo unafika kwenye ukingo wa mlima na kuanguka kwa zaidi ya mita 300 kwa mara moja. Ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika ya kati. Wakati wa mvula ni ukuta wa maji. Wakati wa kipwa yanapungua sana, na anayesafiri mbali mwezi wa Septemba anaweza kurudi na picha za jiwe lenye unyevu. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba mto wa mlima unafuata mvula bila kuchelewa.

Namna ya pili ni ya mto wenye baraje, kama Mwadingusha. Hapa ziwa linapokea mvula kwanza na kuiweka. Dhoruba ya leo haionekani leo. Maji ya ziwa yanapanda polepole katika miezi ya mvula, na mara nyingi mto unakuwa na nguvu zaidi mwishoni mwa masika, watu wanapodhani kwamba mvula imeshapita. Lakini kuna saa nyingine juu ya hiyo, nayo ni saa ya watu. Milango ya baraje ikifunguliwa, au mashine ikisimama na maji yake kuachiliwa kupita njia ya zamani, mto wa chini unaweza kupanda bila tone moja la mvula kuanguka popote. Mashine zikinywa maji yote, mawe yanabaki makavu. Wakaaji wa Kisangani wanaoijua Tshopo, na wale wa Bukavu wanaoishi karibu na Ruzizi, wanaweza kuelewa jambo hili upesi: mto wenye mashine haufuati mbingu peke yake.

Hesabu ya fizikia ya shule inasaidia kuona ukubwa wake. Mashine za Mwadingusha, baada ya kufanywa upya, zina uwezo wa megawati 78 hivi. Ili kupata nguvu hiyo kwa maji yanayoanguka mita 110 hivi, zinahitaji karibu mita za ujazo 80 kila sekunde, yaani tani 80 za maji kwa muda wa kupiga kofi moja. Mto ukileta pungufu ya hapo, hakuna cha kubakia kwa watazamaji. Na kama maji mengi hivyo yanaacha mabomba na kurudi kwenye mawe, anayepiga picha katikati ya mawe hayo hana mahali pa kukimbilia.

Kwa sababu hiyo, eneo la baraje, mabomba na nyumba ya mashine si mahali pa matembezi bila ruhusa. Mtu asikasirike anapozuiwa na mlinzi. Anayetaka kuona anaomba ruhusa mapema, anauliza kama milango itaguswa siku hiyo, na anatazama kutoka juu, kwenye ukingo, si kutoka kwenye mawe ya mtoni. Bango linaloonya kwamba maji yanaweza kupanda ghafla linasema kweli hata wakati wa kipwa.

Mto unasema kabla ya kupanda

Kijito cha mlima hakipandi kimyakimya. Kinatoa alama, lakini mara nyingi hakuna anayezitazama kwa sababu muziki unalia na kila mtu yuko kwenye simu.

Alama ya kwanza ni rangi. Maji yaliyokuwa meupe yanaanza kuwa kama chai. Ya pili ni takataka: majani, vijiti, povu, vitu ambavyo havikuwepo dakika kumi kabla. Ya tatu ni sauti. Wavuvi wanasema mto "unabadilisha sauti", na wanasema kweli, kwa sababu maji mengi yanaanza kusukuma mawe chini, na mawe yanagongana. Ya nne ni harufu ya udongo mbichi inayoshuka na upepo wa bondeni.

Kuna njia rahisi ambayo haigharimu kitu. Kundi likifika, mtu mmoja anachomeka kijiti pale pale maji yanapoishia, na anapewa kazi ya kukitazama kila robo saa. Kijiti kikizungukwa na maji, hakuna mjadala: watu wote wanatoka mtoni na kupanda juu, upande ule wa njia ya kurudia. Upande ni jambo kubwa. Wengi wanaokwama si wale waliokuwa wanaoga, ni wale waliovuka kwenda kupata picha nzuri upande wa pili, kisha mto ukafunga njia. Kundi linalobaki upande wa njia ya kwao limeshajiokoa nusu.

Kuhusu kuvuka, watu wanadanganywa na kina. "Usiogope, mayi iko kidogo," anasema mmoja, akionyesha goti. Lakini kinachoangusha mtu ni mwendo wa maji zaidi ya kina chake. Maji yakikimbia mara mbili zaidi, yanasukuma mguu mara nne zaidi. Yakikimbia mara tatu zaidi, yanasukuma mara tisa. Maji ya goti yanayokimbia yanaweza kumwangusha mtu mzima mwenye nguvu, na akianguka kwenye mawe yenye utelezi mguu unaweza kubanwa kati ya mawe mawili huku maji yakimlaza. Maji yakifika gotini na yanakimbia, hakuna kuvuka.

Ziwa dogo chini ya maporomoko linadanganya namna nyingine. Linaonekana kama mahali pa kuogelea palipoandaliwa. Lakini pale maji yanapoangukia, yanaingia chini na kurudi juu yakizunguka, na yanaweza kumrudisha mtu chini ya maporomoko kila anapojaribu kutoka. Tena maji hayo meupe yamejaa hewa. Hewa haimbebi mtu, kwa hiyo hata anayejua kuogelea anazama zaidi kuliko alivyozoea. Mbali na hayo, kila kitu ambacho mto unakibeba juu, jiwe au gogo, kinashuka palepale. Kusimama chini ya maporomoko ili kupigwa na maji mgongoni ni kusimama mahali ambapo mto unatupa mizigo yake.

Na juu ya ukingo, pale ambapo picha ya mtu akiwa na bonde nyuma yake inapendwa sana, mawe yana utando wa kijani. Utando huo ukilowa, kiatu cha mpira hakina msaada, na sandali ndiyo kabisa. Hatua tatu nyuma ya ukingo zinatosha kuona kila kitu.

Katika Lufira na mito mikubwa kuna pia swali la mamba. Jibu halitoki kwenye simu. Wavuvi wa mahali pale ndio wanaojua ni kona gani inaogeleka na ni kona gani hata wao hawaweki mguu.

Maji mazuri kwa macho, si kwa tumbo

Maporomoko yanafanya maji yaonekane safi. Yanameta, ni baridi, na mtu aliyetembea masaa matatu ana kiu. Hapa pia swali ni lilelile: maji yametoka wapi?

Likasi ni mji wa viwanda vya madini tangu zamani za Union Minière, na Shituru inajulikana kwa shaba na kobalti. Panda inapita katika nchi hiyo kabla ya kufikia Lufira na ziwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 katika jarida la Tropicultura juu ya Lufira ya juu ulipima madini kama shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi na urani katika vitu vinavyoishi majini, tangu majani mpaka samaki. Kichwa chake kinatumia neno moja zito, uchafuzi.

Kwa mtembezi, somo ni hili: kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Dawa ya klorini vilevile. Maji yanayotoka upande wa migodi na viwanda hayanyweki kwa njia yoyote inayowezekana porini, hata kama ni meupe kama kioo. Maji ya kijito cha mlima kisicho na mgodi juu yake yanaweza kuchemshwa, lakini kijiji kikiwa juu, kuna hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo. Na pale maji yanapotulia penye majani na konokono, kichocho kinaingia kupitia ngozi tu, bila mtu kunywa.

Kwa hiyo kila mtu anabeba maji yake kutoka nyumbani, si chini ya litre tatu kwa siku ya jua. Bidoni moja kwa watu sita ni mzigo kwa mmoja na kiu kwa wote.

Mlima uliopinduliwa

Anayepanda mlima wa kawaida anachoka asubuhi na kushuka jioni. Safari ya maporomoko ni kinyume. Watu wanashuka bondeni asubuhi, wakiwa na nguvu, wakiimba. Wanakaa, wanakula, wanaoga. Halafu saa tisa, tumbo likiwa limejaa na viatu vimelowa, ndipo mlima unaanza. Sehemu ngumu inangoja mwishoni, wakati mwili umechoka na jua linashuka.

Sehemu za Likasi, mwezi wa Juni jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni. Desemba linachelewa nusu saa hivi, lakini Desemba ndiyo miezi ya mvula, na wingu linaleta giza mapema. Ndani ya bonde lenye kuta za mawe, giza linafika kabla ya hapo.

Hesabu ya kundi inapaswa kuanzia mwisho. Kama kushuka kulichukua saa moja na nusu, kupanda kuhesabiwe saa mbili na nusu au tatu, kwa mwendo wa yule anayechoka kwanza. Ongeza saa moja ya jambo lisilotazamiwa: kifundo cha mguu, njia iliyopotea, mvua ya kungoja ipite. Hapo inaonekana wazi kwamba saa ya kuacha maporomoko ni saa saba mchana, si saa kumi. Saa hiyo inakubaliwa Buluo, kabla ya kuondoka, kila mtu akisikia. Huko chini hakuna mtu atakayependa kuondoka, na neno la "dakika tano tu" linarudiwa mpaka jua linaisha.

Mvua ya radi ina hesabu yake pia. Katika Katanga mwezi wa Oktoba na Novemba radi zinaua watu. Mtu akiona mwanga, anahesabu sekunde mpaka asikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya sekunde 30, radi iko karibu vya kutosha kufikia kundi. Watu wanaacha maji, wanaacha ukingo na kilele, hawasimami chini ya mti mmoja ulio peke yake, na wanaachana hatua kadhaa ili wasipigwe wote pamoja. Wanangoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kisha wanakumbuka kwamba mvua iliyopita juu yao sasa inashuka mtoni.

Kundi ni nini

Watu wengi wanadhani hatari ya porini ni kuwa peke yako. Ni kweli, lakini kundi la marafiki lina ugonjwa wake. Mmoja anaogopa kuvuka, anaona watano wamevuka, anaona haya, anavuka. Mwingine magoti yanamuuma, hasemi, kwa sababu aliyebaki nyuma anachekwa. Kila mmoja anafikiri mwenzake ameuliza juu ya njia. Hakuna aliyeuliza.

Dawa yake inaanzia barabarani kabla ya kuondoka. Kundi linachagua mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya maji, na linakubaliana kwamba mtu yeyote akisema "hapana, mimi sivuki", basi hakuna anayevuka. Si mwoga anayeamuliwa na kundi, ni kundi linaloamuliwa na mwenye hofu. Mara nyingi huyo ndiye aliyekiona kijiti kikizungukwa na maji.

Wanapita pia kumsalimia mzee wa kijiji. "Papa, tunaomba njia" ni neno la adabu, na tena ni neno la usalama. Shefu au mvuvi anajua kama mvua imenyesha juu jana usiku, njia gani imebomoka, na ni wapi maji yamemchukua mtu mwaka uliopita. Akisema leo si siku nzuri, amesema jambo ambalo hakuna simu inayoweza kulisema. Kuna sehemu ambazo wazee wanaziheshimu kwa sababu ya mizimu ya maji, na wanakataza watu kuoga hapo au kupiga kelele. Mgeni hana lazima ya kuamini ili atii. Mahali watu wameogopa kwa vizazi vingi mara nyingi ni mahali palipowahi kuzamisha watu.

Nyumbani kunabaki karatasi au ujumbe: wanaenda wapi, wako wangapi, watapita njia gani, na saa ngapi wakiwa hawajarudi watafutwe. Bondeni mtandao unapotea, na simu yenye betri nusu saa kumi inakuwa tochi mbovu tu.

Na ikiwa mtu ameanguka majini? Jambo la kwanza ni gumu kwa rafiki: asiruke. Mara nyingine anayekufa mtoni ni mtu wa pili, yule aliyejitosa kumuokoa wa kwanza. Anayeokoa anabaki nchi kavu, ananyosha fimbo ndefu, au anatupa kamba iliyofungwa kwenye bidoni tupu yenye kifuniko, kwa sababu bidoni ya litre ishirini inaelea na kumshikilia mtu. Ndiyo sababu kundi lenye akili linabeba kamba, na halitupi bidoni likishamaliza maji. Aliyeanguka mwenyewe, kama mto unambeba, alale chali, miguu mbele, asijaribu kusimama mpaka maji yatulie.

Akitolewa bila kupumua, hakuna kumning'iniza kichwa chini wala kumkanda tumbo ili atapike maji. Anahitaji hewa: kichwa kinainuliwa nyuma kidogo, pua inabanwa, anapuliziwa pumzi mdomoni, kisha kifua kinakandamizwa katikati kwa nguvu na kwa haraka, na pumzi tena, bila kukata tamaa mapema. Hata akizinduka na kusema yuko mzima, anapelekwa hospitali siku ileile, kwa sababu mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumbadilikia usiku.

Mtazamo wa mwisho

Hayo yote hayasemwi ili watu wabaki nyumbani. Vijana wa Likasi, ambao wengi wao wamekua kati ya moshi wa viwanda na vumbi la magari ya migodi, wana haki ya kuijua nchi yao kwa miguu, na maporomoko ni kati ya vitu ambavyo Katanga ilikuwa navyo kabla ya mtu yeyote kuja kuuliza juu ya shaba. Anayesimama juu ya bonde la Lufira anaona katika mtazamo mmoja historia ya mji wake: mto, ukuta, waya za umeme zinazopanda kilima kuelekea viwanda.

Lakini mto hauna habari kwamba leo ni Jumapili. Unaleta kile kilichotokea juu, jana au saa moja iliyopita. Kwa hiyo siku nyingine, pembeni ya barabara ya Buluo, mtu akitazama mbingu na kusema "Mvula haiko", rafiki mmoja angepaswa kumuuliza kabla mguu haujanyanyuka: haiko hapa, ama haiko kule juu?